Dakta, Usipande Ndege Hiyo

Ujumbe wa kazi unaozunguka kwenye simu za vijana wetu waliomaliza shahada ya uzamivu ni mtego. Nalisema hilo kabla ya maelezo yoyote, kwa sababu huenda anayesoma hapa anao ujumbe huo mkononi, na kesho asubuhi amepanga kwenda kwa wakala kutuma pesa. Usitume. Pasipoti yako usiipige picha ukampelekea mtu usiyemjua. Usiuze ng'ombe, wala usimruhusu baba auze kipande cha shamba. Soma kwanza.

Naandika kutoka Kasulu, si mbali na Mtabila ilipokuwa kambi ya wakimbizi. Ujumbe niliouona kwa macho yangu ulikuwa kwenye simu ya binti wa huku, aliyetetea tasnifu yake kuhusu magonjwa ya muhogo na ambaye tangu hapo anafundisha kwa kulipwa saa, muhula mmoja yupo, muhula mwingine hayupo. Ulikuwa wa adabu kuliko barua nyingi zinazotoka kwenye ofisi zetu. Ulimwita Dakta. Ulitaja kichwa cha tasnifu yake bila kukosea herufi. Ulisema kampuni ya teknolojia iliyoko Bangkok inatafuta wachambuzi wa takwimu wenye uzamivu, mshahara dola 2,500 kwa mwezi, nyumba na chakula juu ya mwajiri, tiketi wanakata wao. Usaili ulikuwa wa kuandikiana Telegram, dakika chache, hakuna aliyeonyesha sura. Kilichobaki ilikuwa "ada ndogo" ya kuhakiki vyeti na kupima afya, ilipwe kwa simu ndani ya siku mbili. Na chini kabisa, ombi: asimwambie mtu mpaka mkataba usainiwe, maana nafasi ni chache na wivu ni mwingi.

Hakulipa. Shangazi yake, mama anayeuza maharage sokoni na ambaye hajawahi kukanyaga chuo, ndiye aliyeuliza swali ambalo binti hakuwa amejiuliza: kama wana pesa ya kukukatia ndege mpaka huko, elfu themanini ya kupima afya inawashindaje?

Sasa nieleze kinachomsubiri anayelipa na akapanda ndege. Akitua Bangkok hupokewa na gari, na gari hilo haliendi kwenye ofisi yoyote ya mjini. Huendeshwa saa nyingi kuelekea kaskazini-magharibi, kilomita karibu 500, hadi mji wa Mae Sot ulio mpakani. Hapo huvushwa mto Moei, mto mdogo tu, na ng'ambo ni Myawaddy, nchini Myanmar, eneo linaloshikwa na makundi yenye silaha. Huko kuna majengo yenye kuta ndefu na walinzi, na mojawapo, KK Park, limejulikana duniani kote kwa ubaya. Pasipoti huchukuliwa siku ya kwanza. Kazi ya uchambuzi wa takwimu haipo. Kazi iliyopo ni kukaa mbele ya kompyuta saa kumi na zaidi kwa siku, ukijifanya mwanamke mrembo au tajiri mpweke, ukimtongoza mtu wa Marekani au Ulaya kwa wiki kadhaa mpaka aweke akiba yake kwenye uwekezaji hewa. Asiyefikisha lengo hupigwa, hunyimwa chakula, hupigwa shoti za umeme, au huuzwa kwa genge jingine. Anayetaka kutoka huambiwa alipe fidia ya maelfu ya dola, na ndipo simu hupigwa kwa wazazi.

Si hadithi ya kutishia watoto. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Agosti 2023, ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine kama 100,000 nchini Kambodia wameshikiliwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kwenda upande ule wa mto, na watu wapatao 7,000 wakatolewa kwenye majengo hayo. Katika kundi la mwanzo la watu zaidi ya 250 waliovushwa kurudi Thailand, zaidi ya nusu walikuwa Waethiopia, na Wakenya na Waganda walikuwamo. Oktoba 2025 jeshi la Myanmar likaivamia KK Park, na watu zaidi ya 1,500 wakakimbilia Mae Sot. Asidhani mtu kwamba biashara imekufa. Matapeli wakifukuzwa mahali huhamia pengine, na wakihama huhitaji watu wapya.

Ripoti ile ya 2023 ina jambo ambalo kila aliyesoma sana anapaswa kulizingatia. Ilieleza kwamba wengi wa walionaswa hawakuwa watu wasiojua kusoma. Walikuwa wasomi, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja, wengine wakiwa na shahada za juu. Biashara hii humtafuta msomi kwa makusudi. Inahitaji mtu anayeandika Kiingereza kilichonyooka, mvumilivu wa kukaa kwenye kiti siku nzima, anayeweza kusoma tabia ya mtu na kujibu kwa akili. Mwenye shahada ya uzamivu anazo sifa zote hizo, na ameziorodhesha hadharani, pamoja na barua pepe yake, kwenye ukurasa wa chuo.

Tena anayo sifa moja zaidi: hana pa kwenda.

Hapa naomba tuambiane ukweli. Tumesomesha watu kwenye uzamivu kwa matumaini kwamba wote watakuwa wahadhiri. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ilijengwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu peke yake. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina vituo viwili vya umahiri na Nelson Mandela vingine viwili, vilivyofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza 2016, na vyote vinatoa madaktari. Ni jambo jema, na nchi inawahitaji. Lakini kiti cha mhadhiri katika chuo cha umma kinasubiri kibali cha ajira, na kibali kikija huwa cha watu wachache. Wapo wanaozuiwa na wastani wa alama za shahada ya kwanza waliyoipata wakiwa na miaka ishirini na mbili, hata kama leo wanao uzamivu na machapisho. Wapo wanaofundisha kwa saa kwenye vyuo vitatu, malipo yakichelewa mwaka mzima.

Na kampuni? Kampuni haimjui. Mradi wa HEET wa kuendeleza elimu ya juu, wa dola milioni 425, uliosainiwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, umevitaka vyuo vyetu visogeleane na viwanda, na umelipia masomo ya wahadhiri wengi, ila hao ni walio tayari kwenye ajira ya chuo. Aliyejisomesha, au aliyesomeshwa na mfadhili wa nje kisha mradi ukaisha, yuko peke yake. Msimamizi wake alitoka shule akaenda chuo, akabaki chuo. Hajui namna ya kumwelekeza kwingine.

Kisha kuna kijiji. Nimeona jinsi sisi wenyewe tunavyomsukuma mtoto wetu kwenye mtego. Siku ya mahafali tunachinja, tunamvika shada, mchungaji anamwombea, na tangu siku hiyo jina lake linapotea. Anakuwa Dakta, hata watoto wa jirani wanamwita hivyo. Mwaka wa pili akiwa bado nyumbani, salamu zinabadilika. "Dakta, bado upo?" Mdogo wake anayeendesha bodaboda ndiye anayenunua sukari. Yeye hawezi kuuza dukani, hawezi kulima mbele ya watu bila kuchekwa, na hawezi kurudi kwa msimamizi kuomba msaada kwa sababu anaona aibu. Mtu wa namna hiyo akipata ujumbe unaomwita kwa cheo chake na kumwambia kuna watu wanamhitaji, moyo unamruka. Na akiambiwa afanye siri, siri ndiyo anayoitaka, maana anataka siku moja aondoke kimya kimya na kurudi ameinua kichwa. Matapeli wameisoma aibu yetu vizuri kuliko tulivyoisoma sisi.

Kila Mtanzania anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumeucheka miaka mingi. Huu mpya hauchekeshi, kwa kuwa aliyeuandika amemsoma anayemwandikia. Mtafiti hudhani hawezi kudanganywa, kwa kuwa kazi yake ni kuchuja uongo. Basi tapeli humpa kile alichokizoea: fomu ndefu, ombi la muhtasari wa tasnifu, majina ya wadhamini watatu, orodha ya machapisho. Akishajaza kurasa sita, anaona jambo hili lina uzito. Kumbe kurasa zile zimempa tapeli namba ya NIDA, saini, pasipoti na jina la profesa wake, ambaye naye wiki ijayo atatapeliwa kwa kutumia jina la mwanafunzi.

Watu wa nyanda hizi za Kibondo na Kasulu wana sababu ya kuwa wa kwanza kushtuka. Babu zetu wengi walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro wakiwa manamba. SILABU, ofisi ya waajiri wa mkonge iliyoundwa mwaka 1944, iliandikisha wanaume wa Buha, nchi yetu hii ya Waha, kwa mikataba na kuwasafirisha kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Walipewa kipande cha siku 30, na siku ambayo hukumaliza kazi haikuhesabiwa. Wengine hawakurudi, wana wao na wajukuu wako Tanga mpaka leo. Walikwenda kwa nini? Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na huku kwetu hapakuwa na njia ya kuipata fedha hiyo. Serikali ya kikoloni iliiacha Buha iwe ghala la vibarua. Wakala wa kuandikisha alipofika, alikuta watu ambao hawakuachiwa njia nyingine, na yeye akawa njia. Nikiangalia dakta wetu wa leo aliyekaa sebuleni na simu mkononi, naona hali hiyohiyo inatengenezwa upya, safari hii kwa watu tuliowasomesha mpaka mwisho.

Na Mtabila yenyewe inatufundisha. Kambi ile ya wakimbizi kutoka Burundi ilifungwa mwishoni mwa Desemba 2012, baada ya watu wapatao 35,000 kurudishwa kwao. Sasa eneo lile ni la kikosi cha JKT, 825 KJ. Waliokuwa wakiuza bidhaa kambini wanakumbuka ilivyokuwa safari za Marekani zilipoanza mwaka 2007 kwa ajili ya wakimbizi wa mwaka 1972. Maelfu walikwenda kweli. Palipo na safari ya kweli, hapakosi wa kuuza nafasi. UNHCR imekuwa ikirudia, na mpaka leo inarudia katika makambi, kwamba huduma zake hazilipiwi, na anayeomba pesa ili akuingize kwenye orodha ni mwizi. Mama wa kambi ya Nyarugusu anaijua kanuni hiyo kwa moyo. Mwenye uzamivu anaweza asiijue, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba naye ni mtu wa kuwindwa.

Kanuni ni hiyohiyo kwenye ajira. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada wala gharama. Mwajiri ndiye anayelipa. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haitozi chochote kwenye maombi. TaESA, huduma ya ajira ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2008, ipo kwa ajili hiyo, na wakala binafsi anayepeleka watu nje lazima awe na leseni unayoweza kuiulizia. Kwa hiyo neno "ada" likitokea kwenye mazungumzo ya kazi, liwe la vyeti, la bima, la viza au la sare, mazungumzo yameisha.

Ila matapeli wengine hawaombi ada kabisa. Hao ndio hatari zaidi, kwa sababu bei yao ni wewe. Kwa hao, dakta, tumia kazi uliyoisomea. Ungekubali chanzo cha namna hii kwenye sura ya pili ya tasnifu yako? Kampuni isiyo na usajili unaoonekana, isiyo na anwani, yenye tovuti iliyofunguliwa miezi miwili iliyopita? Tafuta namba ya simu ya kampuni mahali pengine, siyo kwenye ujumbe uliotumiwa, kisha upige na kumwomba mtu wa rasilimali watu. Kama wanajinasibu kuwa na ofisi Tanzania, jina lao litakuwa kwenye daftari la BRELA. Omba kuzungumza kwa video na atakayekuwa bosi wako, na umwulize swali gumu la kitaalamu juu ya kazi yenyewe. Mwajiri wa kweli wa mwanasayansi hufurahi kuulizwa. Uliza viza. Kazi halali hutangulizwa na viza ya kazi kabla hujapanda ndege. Ukiambiwa uingie kwa viza ya utalii kisha mambo yatarekebishwa ukifika, umeshajibiwa. Uliza mji na mtaa wa ofisi, uutafute kwenye ramani, uone uko umbali gani kutoka mpakani. Na hilo la siri ulivunje siku hiyohiyo: mwonyeshe ujumbe msimamizi wako, mwonyeshe mwenzako uliyesoma naye, mwonyeshe shangazi.

Msimamizi naye akipigiwa na mtu anayejiita mwajiri, asijibu kwa haraka kwa kuwa anamwonea huruma mwanafunzi wake. Aulize anayepiga ni nani, kisha ampigie mwanafunzi.

Upo mtego mwingine ambao hauhitaji ndege, na ambao nauona unawameza watu polepole. Ni ule wa kuwaandikia wengine kazi zao za chuo. Nairobi imekuwa kitovu chake kwa miaka mingi: maelfu ya vijana wenye shahada huandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, na mwaka 2024 ilitoka filamu kuhusu wao, The Shadow Scholars, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford. Sasa madalali wanatafuta wenye uzamivu, maana tasnifu ndiyo yenye bei. Mwenye akaunti huchukua sehemu kubwa, mwandishi hupata kidogo, na hakuna siku atakayoweza kuiandika kazi hiyo kwenye wasifu wake. Wengine wameanza kwa kusema ni ya kushikilia tu wakati nasubiri chuo kifungue nafasi. Miaka inapita, machapisho yake mwenyewe yanakauka, na jina lake halipo popote. Simlaumu mwenye njaa. Namwambia tu kwamba kazi ile inakula kilekile kitakachompatia kazi nyingine.

Njia halali ipo, ingawa ni nyembamba, na nchini mwetu kuna waliokwisha kuipita. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali kule Karatu, alisomea uzamivu wa uhandisi wa kemikali Korea Kusini, akarudi kufundisha Nelson Mandela. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji linalochanganya mchanga na chembe ndogondogo zinazotengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Ninachokiheshimu zaidi kuliko tuzo ni kwamba alianzisha kampuni na kuweka vituo ambako wananchi wananunua maji yaliyochujwa kwa bei wanayoimudu. Mnunuzi hakuulizwa kama ameisoma tasnifu. Aliuliza ndoo ni shilingi ngapi.

Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapokwama. Nimesoma wasifu wa dakta mmoja wenye kurasa kumi na nne, kuanzia shule ya msingi hadi kila semina aliyohudhuria. Mwenye kiwanda hatafika ukurasa wa tatu. Binti yule wa muhogo ameandika kwamba alichunguza mwenendo wa virusi vya michirizi ya kahawia katika aina za muhogo za Kanda ya Magharibi. Ni kweli. Lakini katika miaka minne hiyo aliendesha maabara yenye watu, alinunua vitendanishi na kutunza hesabu za mradi, aliwafundisha maofisa ugani, aliwashawishi wakulima wamruhusu kung'oa mimea yao, na alitimiza tarehe za mfadhili. Mwenye kampuni ya mbegu anayetaka pingili safi zipite ukaguzi wa mbegu wa TOSCI angemwajiri kesho kama angejua hayo. Hajui, kwa sababu binti hakuyaandika. Aliona ni mambo ya kawaida. Wasifu wa kupeleka kwenye kampuni uwe kurasa mbili. Uanze na shida ya mwajiri, ufuate na kile ulichowahi kufanya kinachofanana na shida hiyo.

Na shida ziko hapa hapa. Kule Ziwa Tanganyika mawese yetu hupata tindikali nyingi, matunda yakikaa siku kadhaa kabla ya kukamuliwa, na mafuta hayo hayapati bei nzuri. Kituo cha TARI Kihinga kinashughulikia mbegu bora za michikichi, ila mwenye mtambo mdogo wa kukamua hana mkemia wa chakula hata mmoja wa kumwambia aanzie wapi. Huku juu kuna muhogo unaosagwa bila mtu kupima sumu yake, na asali ya Kibondo inayouzwa kwa ndoo kwa sababu hakuna aliyeipima unyevu na kuiandikia lebo inayokubalika TBS. Mwenye mtambo hana uwezo wa kumlipa dakta mshahara wa mwezi. Wenye mitambo sita wanaweza kumlipa siku sita za mwezi, na SIDO au halmashauri ikiwaunganisha, kijana ameanza. Migodi ya Geita, viwanda vya sukari, bia na dawa, na benki zenye takwimu zisizo na wa kuzisoma, navyo vinahitaji watu wa namna hii. Wakuu wa huko wasiwahukumu vijana hawa kwa kudhani kwamba msomi hawezi kuamka saa kumi na moja.

Vyuo navyo visikae kimya. Chuo kilichotoa daktari kinaweza, kabla ya mahafali yajayo, kuwaita wote waliotetea tasnifu miaka mitano iliyopita na kuwauliza wako wapi. Kitakuta wasio na kazi, na huenda kikakuta ambao hawapatikani kwa simu. Kinaweza kuondoa namba za simu na barua pepe binafsi za wanafunzi kwenye kurasa zake za wazi. Kinaweza kumpa mwanafunzi wa uzamivu miezi mitatu kiwandani kabla hajaandika sura ya mwisho, kama tunavyofanya kwa wa shahada ya kwanza, na kumhesabia. Kila idara inaweza kuusoma ujumbe wa namna hii kwa sauti mbele ya wanafunzi wote wiki hii. Hilo halihitaji bajeti.

Wazazi wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko, acheni kumwuliza mtoto yuko nyumbani mpaka lini. Mwulizeni anaandikiana na nani kuhusu kazi, na mkae naye mkisome anachotumiwa.

Kama umekwisha kutuma nyaraka, usingoje uone itakuwaje. Leo hii acha kuwajibu, lakini usifute mazungumzo. Yapige picha yote, pamoja na namba, majina ya akaunti na risiti za malipo. Namba iliyokuandikia, kama ni ya Tanzania, iripoti TCRA kupitia 15040. Nenda kituo cha polisi ufungue jalada, ukiitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na uhakikishe umepewa namba ya taarifa. Piga *106# uone kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wajulishe wadhamini wako watatu. Kama umekwisha kukatiwa tiketi, usiende uwanja wa ndege hata kwa kuangalia tu. Kama una ndugu aliyekwisha kuondoka na simu yake haijibiwi, au inajibiwa kwa maneno machache yasiyofanana naye, nenda polisi na Wizara ya Mambo ya Nje bila kusubiri wiki iishe. Ubalozi wetu ulio karibu na huko uko Kuala Lumpur, na utahitaji jina lake kamili, namba ya pasipoti, tarehe ya kuruka na picha ya mwisho aliyotuma ya mahali alipokuwa. Mkipigiwa na kuambiwa mlipe fidia, msitume pesa kabla hamjazungumza na polisi, na muiandike namba iliyopiga.

Na kama uko ndani ya gari sasa hivi, umetoka Bangkok, dereva hasemi mnakwenda wapi na nje giza linaingia, basi gari likisimama mahali penye watu, kituo cha mafuta au kizuizi cha askari, shuka na upige kelele. Pasipoti iwe mwilini mwako, siyo kwenye begi.